Mafuriko yamepita, mikoko ya Mtoni imebaki na mitungi, betri na madumu. Tunavitoaje, na vikitoka vinakwenda wapi?

Nahodha wa Mtoni (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mvua zikikata Dar, utaratibu tunaujua. Kijiko kinazoa tope barabarani, magodoro yanaanikwa ukutani, waliokimbilia kwa ndugu wanarudi, mwezi ukiisha kila mtu kasahau. Penye barabara panasafishwa kwa sababu panaonekana. Mikoko haina barabara wala haina mkazi wa kupiga kelele, kwa hiyo kinachoingia mle kinakaa.

Nazungumzia mikoko inayoanzia Mtoni na Kijichi kwenda ndani, kule Kizinga na Mzinga zinakomwaga maji kwenye mkono wa bahari. Kilichobebwa kutoka Buza, Mbagala na Kongowe kinaishia humo. Safari hii nimeona mitungi ya gesi imenasa kwenye mizizi, betri za magari, madumu ya bluu ambayo karatasi zake zimebanduka, mabati yenye misumari, friji, na kiroba kilichopasuka kikamwaga sindano.

Kuna vijana wa mtaani wameniomba niwaingize kwa mtumbwi wakafanye usafi. Nia yao njema, wamejinunulia hata glavu. Ila nimewaambia sipakii mtu chomboni mpaka tukubaliane mambo kadhaa, na nayaleta hapa ili wenye ujuzi mnikosoe kabla ya bamvua lijalo, yaani siku za maji makubwa.

Kubwa kuliko yote: usitoe kitu mle kama hujui kitalala wapi usiku huo. Betri iliyo kwenye tope la mikoko ni hatari, sikatai. Sasa betri hiyohiyo ikiletwa ufukweni, watoto wakaizunguka, jioni akapita mtu wa chuma chakavu, akaivunja na kumwaga tindikali mtaroni ili abaki na madini ya risasi ya kuuza, hapo mmesafisha nini? Mmeitoa sumu kwa kaa mkaileta kwa watoto, na picha mmepiga.

Halafu magogo. Gogo lililoletwa na maji si taka. Likilala kwenye mkondo, kaa wanaingia chini yake, samaki wadogo wanajificha, tope linatulia. Nitaligusa pale tu linapoziba mkondo maji yakarudi kwenye nyumba za watu, au limebana kitu cha hatari. Vijana wanapenda magogo kwa sababu yanajaza lori na yanaonekana. Sindano haionekani, na ndiyo inayomchoma mama anayetafuta kaa.

Kukata mkoko kufungua njia, hapana. Mikoko ni hifadhi iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na ukiingia na kundi unaomba ruhusa kwao kwanza. Hata kukanyaga kuna adabu yake. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, unapumua kwa vile vijiti vinavyochomoza kwenye tope. Kundi la watu wakivikanyaga ovyo wanaleta madhara yaleyale ya nailoni iliyovifunika. Tunapita njia moja, kwenda na kurudi.

Na sasa maji, ambako wageni ndiko wanakoumia. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa kwetu hupita mita 3. Mzigo ulioletwa na mafuriko siku za bamvua umepandishwa mpaka ukingo wa juu kabisa, maji mafu, yale yanayojaa kidogo, hayaufikii. Ukienda siku za maji mafu utauburuta mtungi kwenye tope, utachimba mfereji katikati ya miche, utachoka, utauacha njiani pabaya kuliko ulipoukuta. Ukisubiri bamvua unaingia kwa miguu maji yamekupwa, unakagua, unaweka alama, unafunga kamba vile vinavyofungika. Maji yakijaa, mtumbwi unakufikia palepale, watu wawili wananyanyua, hakuna kuburuta. Ila saa zenyewe ni chache. Anayechelewa kutoka anabaki juu ya mizizi na mbu mpaka maji yajae tena.

Nawasilisha.

chipsi_kavu

Nimekaa hapa na kashata zangu nasoma. Mkuu, hiyo friji ikiwa ya milango miwili nistue.

Nahodha wa Mtoni

@chipsi_kavu imejaa tope na nyoka sijamuuliza jina. Karibu sana.

Ila kwa wanaouliza kweli: friji mlango unang'olewa kwanza, maana mtoto akijifungia ndani hatoki. Mabomba yake hayakatwi mle. Kuna gesi na mafuta ndani ya kompresa.

Wakala wa Mitungi Mbagala

Ngoja niseme la mitungi, ndiyo biashara yangu.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi nashangilia, naula. Lakini maana yake ni kwamba kila nyumba ya bondeni sasa ina mtungi, na ule wa kilo 6 ukibakiwa na gesi kidogo unaelea vizuri tu. Unasafiri na maji ukigonga nguzo, kuta, madaraja. Valvu inapinda, kutu inaanza kwenye kitako. Kwa hiyo msitegemee mitungi itapungua mikokoni miaka inayokuja.

Kosa namba moja nalolishuhudia kila mwaka: mtu anaufungua kidogo "aone kama imo". Jamani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ndani ya mtumbwi inajikusanya sakafuni na hamuioni, halafu mmoja anavuta kamba ya mashine. Na mtungi mnaouita mtupu bado una mvuke ndani, huo ndio wanaoukata na gurudumu la kukatia chuma wakidhani umekwisha.

Ukiukuta, simama mbali kidogo usikilize. Kama unalia au kuna harufu, ondoka kwa upande upepo unakotoka, wapigie Zimamoto 114, usijaribu kuziba na sabuni wala kitambaa. Kama umetulia, beba umesimama, valvu juu, ufunge usibiringike, mashine ya boti izimwe wakati wa kupakia, na mvutaji sigara abaki nyumbani siku hiyo. Ukifika nchi kavu hauingii ndani ya nyumba ya mtu. Unakaa kivulini penye hewa.

Na usiujaze tena, hata ukiuosha ukang'aa! Mtungi uliozama unarudishwa kwenye kampuni ya nembo yake ukapimwe. Zungumzeni na wakala wa kampuni husika kabla ya kwenda, msimletee mzigo wa kushtukiza.

Kijana wa Jangwani

Mimi nitakuwa mbaya kwenye uzi huu, nivumilieni.

Nimekulia Jangwani, kwenye Bonde la Msimbazi. Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 jiji hili, majirani zetu wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila mafuriko wanakuja watu wa kujitolea na fulana zenye maandishi. Wanazoa chupa, wanapiga picha, wanaondoka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi. Hela zipo. Sheria ya mazingira ipo tangu 2004. Kwa nini mvuvi wa Mtoni aingie kwenye sumu na mtumbwi wake mwenyewe, bila bima, bila posho, kufanya kazi ya watu wenye mishahara? Kila mnapojitolea mnawapa sababu ya kukaa ofisini.

Nahodha wa Mtoni

@Kijana wa Jangwani mbaya wapi, umesema kweli. Lakini mradi wa Msimbazi ni wa Msimbazi, Mzinga hauko mle. Na hata huko kwenu, fedha zinakwenda kwenye daraja, kuchimba mkondo, kuhamisha watu. Sijamsikia mtu anazungumzia sindano kwenye mizizi.

Kazi yetu naigawa mara mbili. Kuona na kuweka alama ni ya kwetu, kwa sababu hakuna afisa anayejua hivyo vijito kama sisi tunaoishi navyo. Kutoa dumu la kemikali isiyojulikana si ya kwetu hata kidogo, na hapo nitasimama na wewe ofisini kwa mtendaji kudai watu wenye vifaa waje. Nisichokubali ni kukaa tukisubiri wakati kuna akina mama wanaingia mle kila siku bila kujua kilipo nini.

Fundi Betri Temeke

Nipo kwenye kazi hii tangu nikiwa mwanafunzi wa baba yangu, kwa hiyo nisikilizeni kwa la betri.

Betri ya gari ni madini ya risasi na tindikali ya salfa. Ikikaa pembeni bila kupasuka haina makeke. Ikipinduliwa inamwaga, na ile tindikali inakula suruali, ngozi, na macho ikikurukia. Ibebwe wima, ndani ya beseni la plastiki, si la bati. Glavu ziwe za mpira. Hizi za kitambaa zenye vidoti zinanyonya tindikali zikaishikiza mkononi. Miwani ya kufunika macho. Magadi ya kuokea andazi, kopo zima, yawe kwenye mtumbwi: ikimwagika unanyunyizia mpaka iache kutoa povu. Na maji safi ya kunawa, mengi.

Kuhusu wanunuzi, mleta uzi kasema kwa upole. Mimi nasema wazi: wengi wa mitaani wanapasua wanamwaga. Risasi inayobaki kwenye udongo haiozi, haiishi, na watoto ndio wanaoumia zaidi, akili zao zinaathirika. Kanuni za taka hatarishi zinataka anayekusanya na kusafirisha awe na kibali. Kuna wanunuzi wachache wanaochukua betri nzima bila kuimwaga na wana karatasi zao. Wao hawaji kwa betri mbili, inabidi mzigo uwe wa maana. Ndiyo maana mimi nashauri uhesabu kwanza zilizoko mle ukampigie simu, ajue kuna kitu cha kufuata.

Jambo jipya ambalo wengi hamjalizoea: betri za lithiamu. Za pikipiki za umeme, za sola, za kompyuta. Hizo zikishaingia maji ya chumvi zinaweza kukaa kimya siku kadhaa halafu zikawaka zenyewe, na moto wake unarudi hata ukidhani umeuzima. Zikitoka huko hazichanganywi na betri nyingine, hazifungiwi stoo, zinakaa nje mbali na ukuta. Ikiwa imevimba, iache ilipo, weka alama.

Mama Shukuru wa Kijichi

Baba Nahodha shikamoo. Mimi ndiye mmojawapo wa hao akina mama wa kaa unaowasema.

Nauliza mawili. La kwanza, tumekuwa tukiona maji yana rangi za mafuta kwenye kijito kimoja upande wa ndani, je kaa wa pale tule au tusile? La pili, wenzangu wawili wameshikwa na homa kali na miguu kuuma tangu mvua ziishe, malaria wamepima hakuna.

Nahodha wa Mtoni

Marahaba mama, ila kwa heshima shikamoo ni yangu kwako.

La kaa: pale penye mafuta msivue kwa sasa. Niambie ni kijito kipi, nitakipitia. Nina wasiwasi ni lile dumu lililolala ubavu. La homa namwachia mwenye taaluma.

Bwana Afya Mstaafu

Mama Shukuru, hao wenzako waende kituo cha afya leo, si kesho, na wamwambie daktari maneno haya: "tunaingia kwenye tope la mafuriko bila viatu". Daktari asipoambiwa hivyo anaweza asiwazie kabisa.

Kuna ugonjwa unaitwa homa ya mgunda. Mnaukumbuka ulivyotajwa mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walikufa na nchi nzima ikaingiwa hofu kabla haujajulikana. Vijidudu vyake vinatoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinakaa kwenye maji na tope, vinaingia kupitia mchubuko, macho au mdomo. Dalili zinaweza kuchukua hata wiki mbili kujitokeza, ndiyo maana mtu haunganishi homa yake na ile siku aliyoingia kwenye tope. Misuli ya mashavu ya miguu inauma sana, macho yanakuwa mekundu, na ukichelewa unagusa ini na figo. Dawa zipo na zinafanya kazi ukiwahi. Sijasema wanao huo. Mimi siwezi kupima kwenye simu. Nasema waende.

Kwa vijana wa usafi: chanjo ya pepopunda kabla ya kwenda, maana misumari ya mabati haina huruma. Mwenye kidonda mguuni abaki nchi kavu aandike orodha. Sindano haziokotwi kwa mkono hata wenye glavu. Koleo, na zinaingia kwenye dumu gumu lenye kifuniko. Hazitiwi kwenye kiroba, kiroba kinatoboka na kinamchoma anayekibeba begani. Dumu lifungwe, liandikwe, lipelekwe kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea, mkiwa mmeongea nao. Aliyechomwa anakwenda hospitali siku hiyohiyo ndani ya saa chache, kuna dawa za kinga za VVU ambazo zikichelewa zaidi ya siku tatu hazina maana tena.

Matairi nayo msiyaache. Hayana sumu kubwa ila yanatunza maji, na mbu wa dengi anayapenda. Dar tumeshaona dengi 2014 na 2019.

chipsi_kavu

Kashata zimenikaba. Friji nimeacha, nashukuru.

Mzaramo wa Charambe

Hakuna aliyesema hili na mimi silali nikilinyamazia.

29 Aprili 2009, ghala la mabomu la jeshi Mbagala. Halafu 16 Februari 2011, Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, na vyuma viliruka mpaka kwenye nyumba, mashamba, mabonde. Jeshi lilipita kukusanya, walifanya kazi kubwa. Lakini bonde ni bonde, tope linafukia, na mafuriko yanafukua. Mzinga na Kizinga zinapita huku kwetu.

Sisemi mle mikokoni kuna bomu. Nasema chuma chochote chenye kutu, cha mviringo, kirefu, kizito kuliko kinavyoonekana, hakuna kukigeuza, hakuna kukigonga tope litoke, hakuna kumpelekea mtu wa mizani. Weka alama kwa mbali, rudi ulikopitia, piga 112. Vijana wa siku hizi hawakuwepo 2009, au walikuwa wananyonya. Waambieni kabla hawajashuka kwenye mtumbwi.

Nahodha wa Mtoni

@Mzaramo wa Charambe umenisimamisha nywele. Hili linakwenda juu kabisa kwenye masharti.

Mbongo wa Carolina

Salaam kutoka huku. Nachangia kidogo kwa niliyoyaona.

Septemba 2024 Kimbunga Helene kilipiga Florida halafu mabaki yake yakamwaga maji kwenye milima ya magharibi mwa North Carolina. Mto French Broad ulipita kwenye kiwanda kimoja cha mabomba ya plastiki ukayasambaza bomba kwa bomba mpaka porini, na kwa muda mrefu sana watu walikuwa wanapita na mitumbwi midogo kuyachomoa kwenye matawi. Huku nako mitungi ya gesi na mapipa yasiyo na jina yalijaa mitoni. Kulikuwa na timu za serikali kwa ajili ya hivyo tu: raia anaona, anatoa taarifa mahali kilipo, wao wanakuja na mavazi yao. Raia anachukua plastiki na mbao zilizotengenezwa, basi.

Ila kulikuwa na kituko ambacho mleta uzi atakielewa. Wakandarasi wa kuondoa kifusi walilipwa kwa ujazo. Unadhani walikimbilia nini? Magogo. Watu wa mazingira walilalamika kwamba walikuwa wanaingiza mitambo mtoni na kuchukua hata miti iliyosimama ikiwa hai, kingo zikabaki uchi. Kitungi kidogo cha gesi hakijazi lori, kwa hiyo hakina haraka. Mkija kuingia mkataba na mtu yeyote huko, msimlipe kwa lori.

Na la Fundi kuhusu lithiamu ni kweli tupu. Kimbunga Ian cha 2022, Florida, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yalikuwa yanawaka baadaye yakiwa yameshaegeshwa.

Fundi Betri Temeke

@Mbongo wa Carolina hapo kwenye kulipa kwa lori umemaliza. Hata hapa ndivyo: tenda ya taka ni tripu. Ukilipwa kwa tripu unaokota kizito na kilicho karibu na barabara.

Mndengereko Halisi

Nyie wa Dar mna bahati, mikoko yenu mnaizunguka kwa saa. Delta ya Rufiji ni mikoko mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti tulizama, Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Kwetu kilichoshuka si mitungi mingi, ni makopo ya viuatilifu vya mashambani, pampu za kupulizia zikiwa na dawa ndani, mapipa ya dizeli ya mashine za kusaga na za boti. Na mizoga. Na huku ukiinama kuokota unaangalia kwanza kama gogo lina macho, mamba hajui kama umejitolea.

Tulichojifunza ni kidogo. Mtu wa nje hawezi. Wanaofika ni wavuvi waliokuwa wanapita hivyo vijito hata kabla ya mafuriko. Kwa hiyo tulikubaliana kila anayepita na akakuta kitu, anachomeka mti mrefu na kufunga kitambaa chekundu mbali kidogo na kitu chenyewe, anapiga picha kwa simu, anahifadhi mahali kwenye ramani. Mti mrefu, maana maji yakijaa mfupi unazama. Na chupa ya dawa isiyo na karatasi hainuswi. Nimemwona mtu mzima ananusa ili ajue ni ya nini.

Kijana wa Jangwani

Sawa, nimewasoma wote. Naomba nijibiwe moja tu. Lile dumu linalovuja. Mmeliwekea mti na kitambaa. Halafu? Dampo la Pugu Kinyamwezi si la kemikali. Vijana hawaruhusiwi kuligusa. Nani anakuja na boti kulichukua kwenye tope, na nani analipia?

Nahodha wa Mtoni

Hapo ndipo penyewe, mkuu.

Nimelipitia jana baada ya ujumbe wa mama. Ni lile dumu la bluu, lina ufa karibu na mdomo, maji yanayolizunguka yana utando. Sikulisogelea, nilikaa upande upepo unakotoka, nimepiga picha tatu za mbali na moja ya kukuza. Limeshika mizizi, halitaondoka kwa bamvua la kawaida. Wavuvi wa kijito kile nimewaambia wote wakipishe.

Nimekwenda kwa mtendaji wa kata na picha. Kaandika barua kwa manispaa, nakala NEMC (Baraza la Mazingira), na Zimamoto nimewapigia. Kwa maelezo niliyopewa, watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali ndio wa kusema kilichomo, halafu ndipo anatafutwa mwenye kibali cha kukibeba, na dumu lenyewe linaingizwa zima ndani ya pipa kubwa zaidi, halihamishwi kilichomo. Boti ya kufikia pale ni mtumbwi wangu au wa mwenzangu, maana chombo kikubwa hakipiti. Kuhusu nani analipia, hakuna aliyenijibu mpaka naandika hapa. Nimesema chombo nitakitoa, ila mavazi na pipa watakuja navyo, na sipandi peke yangu.

Kwa bamvua lijalo tumekubaliana hivi na vijana. Maji yakiwa yamekupwa, siku ya kwanza ni macho tu na vitambaa, hakuna kuokota. Kinachotoka siku ya pili ni mitungi isiyolia, betri nzima, sindano kwa koleo, vioo, matairi. Fundi Betri kaniunganisha na mnunuzi mwenye karatasi, atakuwa na kirikuu pale Kijichi maji yakijaa, si kabla, ili mzigo usilale. Wakala wa Mitungi kakubali kupokea ya nembo mbili, za kampuni nyingine bado tunatafuta. Magogo hayaguswi. Madumu, transfoma, na chochote cha Mzaramo vinabaki na kitambaa.

@Kijana wa Jangwani nakuomba wewe ukae na orodha nchi kavu. Una mdomo wa kuwasumbua maofisini na mimi sina.

Kijana wa Jangwani

Umenipata. Nitakuja. Ila siku nitakayoona fulana yenye maandishi narudi Jangwani.

Mama Shukuru wa Kijichi

Mwenzangu mmoja kalazwa, wamesema wanamtibu kwa hiyo homa ya mgunda huku wakisubiri majibu ya kipimo. Yule mwingine amepewa dawa, anaendelea vizuri. Bwana Afya, Mungu akulipe.

Nahodha, mimi na wenzangu watatu tutawaonyesha vijito vya ndani ambavyo mtumbwi wako haujui. Gambuti mnazo za miguu midogo? Mara ya mwisho tulipewa za wanaume, moja ikabaki kwenye tope na sijaiona mpaka leo.

Nahodha wa Mtoni

Zipo namba 5 na 6 mama, nimeazima kwa jirani anayefuga kuku. Njooni na soksi nzito na kamba za kufungia juu ya mashavu ya miguu.